Chesisi ya pikipiki imekwama kwa fundi: namna ya kuitoa

Mwongozo huu ni wa aliyeagiza chesisi ya kutengenezwa kwa mkono kwenye karakana ya kuchomelea, ya mizigo au ya umbo analolipenda mwenyewe, akaambiwa wiki tatu na sasa anapigwa kalenda. Kama hujatoa kianzio, anza hatua ya 1. Kama pesa imeshakwenda, ruka hadi hatua ya 4.

Hatua ya 1: Karatasi

Namba ya chesisi imeandikwa kwenye kadi ya pikipiki. Ukibakiza shingo (bomba la mbele linaloshika usukani) yenye namba na kubadilisha sehemu ya nyuma tu, maelezo yako yatakuwa mepesi. Ukijenga yote upya, ulizia utaratibu TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya kabla bomba halijakatwa. Usikubali kabisa fundi akate kipande chenye namba akichomelee kwenye chesisi nyingine. Hata kama ni mali yako, itaonekana ya wizi.

Hatua ya 2: Nunua chuma mwenyewe, lipa kwa hatua

Karakana nyingi zinaishi kwa mageti na grili za madirisha. Ukitoa nusu ya pesa mkononi, itanunua chuma cha geti la mtu mwingine, na wewe utasubiri kianzio cha mteja ajaye. Kwa hiyo nunua mabomba meusi ya inchi 1, unene wa milimita 2 hadi 2.5. Dukani huuzwa kwa urefu wa karibu mita 6. Mawili yanatosha injini ya cc 125 au 150, pamoja na vipande vitakavyoharibika wakati wa kukunja. Achana na bomba la viti la milimita 1.2, litapasuka kwenye viungo. Lililopakwa zinki nalo liache: zinki huacha matundu kwenye weld na moshi wake humpa fundi homa.

Pesa ya ufundi igawe hivi: asilimia 20 shingo ikishakaa kwenye jigi (kishikio kinachozuia vipande visisogee), 30 chesisi ikishashikizwa yote kwa weld za nukta na magurudumu yamefungwa, 30 ikishachomelewa yote, 20 baada ya vipimo. Andikeni kwenye karatasi, mtie sahihi wote wawili, na muandike wazi kwamba tarehe ya kumaliza ni sharti la makubaliano.

Hatua ya 3: Peleka ganda, siyo injini

Tafuta kwa wauza skrepa ganda tupu la injini ya aina yako. Linganisha matundu ya boliti moja moja, maana injini mbili za cc sawa zinaweza kutofautiana. Fundi atapimia ganda, wewe utaendelea kutumia pikipiki, na injini haitalala kwenye vumbi la grenda kwa miezi.

Hatua ya 4: Jua kazi imesimama wapi hasa

"Itakuwa tayari lini?" ni swali litakalojibiwa "kesho" kila siku. Omba picha ya kiungo kimoja unachokitaja kwa jina: "Habari za kazi, fundi. Naomba picha ya shingo ilipofikia. Kama beringi ndizo zimekosekana, niambie namba yake nizitafute leo." Picha isipokuja, nenda asubuhi kabla kazi za siku hazijapangwa. Utakuta moja ya haya.

Chuma hakijakatwa. Basi kazi haijaanza, hata kama umeambiwa imefika nusu. Usigombane. Kubalianeni siku moja, fika na mabomba, na kama hujalipa, lipa sehemu ya kwanza jioni hiyohiyo akikuonyesha shingo kwenye jigi.

Shingo iko kwa mchongaji. Hapa ndipo chesisi nyingi hulala. Fundi wa kuchomelea kwa kawaida hana lathe, mashine ya kuchonga chuma kikizunguka, na mchongaji hukusanya vikazi vidogo mpaka vijae ndipo afunge chuma kwenye mashine. Tena kazi hii inahitaji safari mbili, wakati fundi alipokutajia wiki tatu alihesabu moja. Safari ya kwanza ni kuchonga shingo kutoka bomba nene. Ikishachomelewa, joto huivuta, tundu la bakuli za beringi (vikombe ambamo beringi hukaa) linakuwa yai, na bakuli haziingii au zinaingia zikiwa zimepinda. Akizigonga kwa nyundo mpaka ziingie, usukani utakuwa mzito upande mmoja na beringi zitakufa mapema. Kwa hiyo mchongaji aache karibu nusu milimita, na shingo irudi kwake kumaliziwa baada ya weld.

Safari ya pili ni shida, kwa sababu sasa chesisi nzima lazima ifungwe kwenye mashine, na lathe ndogo haiwezi kuizungusha. Ninachokipendelea zaidi ni kuchonga mapema kipande kizito cha chuma kinachobana ndani ya shingo, kikae humo wakati wote wa kuchomelea na kitolewe ikishapoa yenyewe bila kumwagiwa maji. Weld nayo ipigwe vipande vifupi, mbele kisha nyuma, kushoto kisha kulia. Bado tundu laweza kusogea kidogo, lakini mara nyingi msasa unatosha. Vyovyote iwavyo, mchongaji hawezi kuanza bila T za usukani (vipande vinavyoshika miguu ya mbele), beringi na bakuli zake mkononi. Zipeleke wewe mwenyewe, pamoja na vipimo vilivyochukuliwa kwa vernia, na mlipe wewe moja kwa moja. Kwa kufanya hivyo umemtoa mtu mmoja katikati ya foleni.

Jigi ina geti la mtu. Chesisi ikiteremshwa kabla viungo vyote havijashikizwa, vipimo vimepotea. Akilazimika kuiteremsha, ipimwe upya kwa uzi na pimamaji kabla ya kuendelea.

Mabomba yako kwa mkunjaji. Yakibonyea kwenye kona, yakatae. Anayekunja kwa moto ajaze mchanga mkavu kabisa. Ukiwa na maji, mvuke unaweza kulirusha bomba.

Umeme umekatika. Kupima na kukata kwa msumeno wa mkono kunaweza kuendelea.

Hatua ya 5: Usiharakishe weld ya mwisho

Fundi aliyesumbuliwa sana humaliza usiku mmoja, na chesisi hupinda. Kabla ya weld kamili, funga magurudumu, ganda tupu la injini na tangi. Vuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele pande zote mbili. Tazama kama cheni imenyooka. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Acha angalau milimita 10 kila upande wa tairi. Boliti za injini zibaki zimefungwa wakati wa kuchomelea, na waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea ukae karibu na kiungo, usipitishe umeme kwenye beringi za magurudumu. Kama nyaya zimeshafungwa, toa betri na CDI (kisanduku kinachotawala umeme wa plagi).

Hatua ya 6: Kuiondoa

Tarehe ikipita, mpe kwa maandishi muda mmoja wa ziada, mfano siku 14, ukitaja hatua iliyobaki. Ukiisha, lipa kazi iliyofanyika ili asiwe na sababu ya kushikilia vitu vyako, kisha chukua kila kitu kwa orodha mliyotia sahihi mbele ya shahidi. Akikataa, Tanzania anza na mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akishindwa, nenda Mahakama ya Mwanzo. Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.

Chesisi iliyoshikizwa tu usiibebe hivihivi. Mwambie fundi achomelee nondo mbili za mshazari, moja kutoka shingo hadi mahali pa injini na nyingine kukata katikati ya reli za nyuma, ndipo uipakie. Fundi mpya asizikate mpaka chesisi ikae kwenye jigi yake.