Somo: Kufanya mradi mdogo wa kujitolea kwenye FreeBSD hadi kiraka kikubaliwe

Kazi zinazosubiri mikono kwenye FreeBSD, mfumo endeshi huria, ni nyingi. Kilicho haba ni muda wa wahakiki, wale wenye ruhusa ya kuingiza msimbo. Kwa hiyo mgeni achague kazi ambayo kiraka chake (faili ya mabadiliko ya msimbo) mtu mwingine atakisoma na kukithibitisha upesi. Miradi mitatu ya hapa chini iko hivyo.

Hatua ya 1: Andaa mahali pa kuharibia

Usijaribie kwenye kompyuta unayoitegemea. Mashine pepe yenye RAM ya GB 4 na diski ya GB 50 inatosha. Sakinisha FreeBSD humo kwa ZFS (mfumo wa faili unaoweza kuhifadhi hali ya mfumo mzima), kisha kabla ya badiliko lolote kubwa andika:

`bectl create kabla`

Mfumo ukigoma kuwaka, chagua "kabla" kwenye menyu ya kuwashia. Halafu leta msimbo:

`git clone --depth 1 https://git.FreeBSD.org/src.git ~/src`

`export MAKEOBJDIRPREFIX=$HOME/obj`

Mstari wa pili, unaotaja mahali pa kuweka matokeo ya ujenzi, lazima uwe kigezo cha mazingira. Wengi huuweka kwenye `make.conf`, na huko haufanyi kazi. Pia, kama utagusa msimbo wa C wenyewe, sakinisha toleo la CURRENT (lile linaloendelea kutengenezwa) kwenye mashine pepe. Msimbo wa tawi la `main` ukijengwa juu ya toleo la zamani unaweza kukwama, kwa sababu faili za vichwa hazilingani.

Hatua ya 2: Mradi wa kwanza, kurasa za mwongozo

Huu ndio mlango bora, na kazi yake haiishi. Programu huongezewa chaguo jipya, ukurasa wake wa `man` ukasahaulika. Namna ya kuzipata kurasa hizo:

Ingia saraka ya programu moja, mfano `~/src/usr.bin/` na jina lake, kisha `grep -n getopt *.c`. Utaona mfuatano wa herufi kama `"ab:c"`. Kila herufi ni chaguo, na inayofuatwa na nukta mbili (`:`) hudai thamani. Linganisha na ukurasa wa `man`. Herufi iliyo kwenye msimbo lakini haimo kwenye ukurasa ni mradi wako. Soma msimbo uelewe inafanya nini, iendeshe uone, ndipo uandike.

Kila sentensi mpya ianze mstari mpya ndani ya faili. Ukibadili maana, sogeza tarehe ya ukurasa kwenye mstari wa `.Dd`, ukirekebisha tahajia tu, iache. Kagua kwa `mandoc -T lint faili.1`, na usome matokeo kwa `man ./faili.1`. Usipange upya ukurasa mzima ndani ya kiraka hichohicho: mhakiki hataona ulichoongeza.

Hatua ya 3: Mradi wa pili, bandari isiyo na mtunzaji

Bandari ni maelekezo ya kujenga programu ya nje. Isiyo na mtunzaji huandikwa anwani ya `ports@FreeBSD.org`. Anza na zile unazozitumia mwenyewe, maana utajua zikiharibika:

`pkg query '%o %m' | grep -i ports@freebsd.org`

Kuisogeza toleo jipya: badili `DISTVERSION` au `PORTVERSION`, futa `PORTREVISION`, kisha `make makesum` ili `distinfo` ipate alama mpya za uhakiki. Endelea na `make stage`, `make stage-qa`, `make check-plist` na `portlint -AC`. Ukiona `Error: Orphaned`, faili imesakinishwa lakini haimo kwenye `pkg-plist`. `Error: Missing` ni kinyume chake.

Usiishie hapo. Mashine yako ina maktaba ulizosakinisha zamani, nazo huficha utegemezi uliosahau kuutaja. Poudriere, zana ya kujenga bandari, hujenga ndani ya jela safi (mazingira yaliyotengwa na mfumo wako):

`poudriere jail -c -j jela14 -v 14.3-RELEASE`

`poudriere ports -c`

`poudriere testport -j jela14 -o kundi/jina`

Hizi huendeshwa na `root`. Kabla yake weka `ZPOOL` (au `NO_ZFS=yes`) na `FREEBSD_HOST` kwenye `poudriere.conf`, la sivyo haianzi. Amri ya pili huunda mti (nakala ya bandari zote) unaojitegemea, hivyo peleka mabadiliko yako kwenye mti huo kabla ya `testport`.

Hatua ya 4: Mradi wa tatu, majaribio

Tafuta hitilafu iliyokwisha kurekebishwa bila kuandikiwa jaribio. Liandike kwa `atf-sh` (zana ya kuandikia majaribio kwa lugha ya shell), ukitumia `atf_check -s exit:0 -o inline:"..."`, kisha liendeshe kwa `kyua test`. Hakikisha linaanguka marekebisho yakiondolewa. Jaribio linalopita pande zote mbili halilindi chochote. Usitegemee `sleep`: mashine ikilemewa, jaribio litaanguka bila kosa.

Hatua ya 5: Kutuma

Kiraka kimoja, jambo moja. Mstari wa kwanza wa ujumbe uwe mfupi, herufi 50 hivi, ukianza na jina la kitu: `faili.1: Document -x`. Toa kiraka kwa `git format-patch -1`, ukiambatishe kwenye Bugzilla (tovuti ya kuripoti hitilafu za FreeBSD) na ueleze ulivyojaribu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, C siijui kabisa. Nina nafasi?

Jibu: Ipo kubwa. Bandari nyingi hazihitaji C. Kuna pia kutafuta badiliko lililoleta hitilafu: leta historia nzima kwa `git fetch --unshallow`, kisha tumia `git bisect`. Kati ya mabadiliko 1,024, hatua kama 10 zinakufikisha kwenye lenye kosa. Taarifa hiyo humwokolea msanidi siku nzima. Ambatisha matokeo ya `freebsd-version -kru` na hatua kamili za kuirudia hitilafu.

Swali: Kwangu `make` inapita, poudriere inakataa kwamba haiwezi kupakua kitu. Intaneti ipo.

Jibu: Poudriere hufunga mtandao baada ya hatua ya kupakua. Programu yako inavuta vitu katikati ya ujenzi, jambo ambalo Rust na Go hulifanya sana. Vyote vitajwe mapema kwenye bandari. Kwa Rust, `make cargo-crates` hukutolea orodha.

Swali: Nimeona kosa ndani ya `~/src/contrib`. Nirekebishe?

Jibu: Peleka kwanza kwa mradi wenye msimbo huo. `contrib` ni ya kuazima. Ukirekebisha hapa pekee, kila toleo jipya likiletwa litagongana na badiliko lako.

Swali: Kiraka changu cha bandari kina wiki tatu, kimya.

Jibu: Kama bandari ina mtunzaji, siku 14 zikipita bila jibu, mtu mwenye ruhusa anaweza kukiingiza, andika hivyo kwa adabu kwenye taarifa yako. Kwa mfumo wenyewe hakuna muda kama huo. Hakikisha kiraka bado kinaingia kwenye `main` ya leo, pakia kipya kama hakiingii, kisha ukumbushe mara moja.