Jicho Limeuma Baada ya Kuvaa Lenzi: Pima Uzito wa Tatizo Hivi

Usipime kwa wekundu peke yake. Jicho kavu huweza kuwa jekundu kuliko jicho lenye kidonda. Kinachosema kweli zaidi ni hali ya jicho baada ya lenzi kutoka.

1. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe, toa lenzi zote mbili. Usizitupe. Zifunge kwenye kikopo chake uende nacho hospitali, maana maabara huweza kuotesha vijidudu kutoka humo.

2. Tazama saa. Kama ni ukavu au uchafu tu, maumivu huanza kupoa ndani ya saa moja hivi. Yakizidi wakati lenzi haimo, hesabu kwamba konea, kile kioo cha mbele cha jicho, imeumia.

3. Simama dirishani na kioo. Wekundu uliozunguka duara la rangi ya jicho ni mbaya kuliko ule wa karibu na kope. Kisha tafuta doa jeupe au la kijivu juu ya duara hilo. Hata likiwa dogo kama kichwa cha pini, ni dharura.

4. Vaa miwani yako, ziba jicho moja, soma maandishi ya kalenda ukutani. Badilisha. Jicho bovu likiona ukungu, au mwanga ukilichoma, usingoje kesho.

Doa, ukungu, mwanga kuchoma, usaha, maumivu yanayopanda: dalili moja tu yatosha kwenda kwa daktari wa macho leo hii, hata usiku. Bakteria aina ya Pseudomonas huweza kuila konea kwa siku moja au mbili. Muwasho na ute wa asubuhi bila dalili hizo unaweza kungoja siku mbili, lakini bila lenzi.

Tafadhali, usinunue dukani matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Wekundu utapungua huku vijidudu vikistawi. Matone ya ganzi nayo huchelewesha konea kupona. Usilifunge jicho kwa bandeji. Joto na unyevu huwanufaisha bakteria.

Kliniki watatia rangi ya fluoresini na kumulika kwa taa ya buluu. Palipochubuka hung'aa kijani. Kidonda cha milimita 2 au zaidi, au kilicho ndani ya milimita 3 kutoka katikati ya konea, kinatishia uoni.

Mwambie daktari kama ulilala na lenzi, uliogelea nazo au uliziosha kwa maji ya bomba. Maji hayo huweza kubeba amiba ya Acanthamoeba, ambayo ugonjwa wake jichoni mwanzoni hufanana na ule wa virusi vya hapesi, na dawa zake ni tofauti kabisa.