Kufunga viungo vya kifundo kwenye treni ya modeli: njia ninayotumia Nakuru

Siku ukiwa kwenye stesheni ya Nakuru na kuna treni ya mizigo imesimama, acha injini kwanza. Tazama pale behewa linaposhikana na jingine. Utaona kiungo kimoja tu cha chuma, katikati kabisa, kama mikono miwili iliyokunja vidole na kunasana. Hakuna bafa mbili za pembeni (vile vikingio vya kupokea msukumo) wala mnyororo. Mabehewa mengi ya modeli yanayotoka Ulaya huja na kitanzi kipana cha plastiki, na kitanzi hicho ndicho kinachoharibu sura ya treni yetu hata rangi ikiwa sawasawa.

Kabla ya kununua chochote, amua unaiga reli ipi. Kwa skeli ya 1:87, yaani modeli ndogo mara 87 kuliko kitu halisi, reli yenye upana wa milimita 16.5 kati ya vyuma vyake viwili ni sawa na SGR, reli mpya pana ya Kenya. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ni ya mita moja, na kwa skeli hiyo inakaribiana na reli ya milimita 12. Mimi naiga njia ya Nakuru kwenda Kisumu, kwa hiyo ni milimita 12.

1. Tengeneza kipimo cha kimo. Huu ndio moyo wa kazi. Kipimo kinachotumika sana kwa 1:87 kinataka katikati ya kiungo iwe karibu milimita 9.9 juu ya uso wa reli. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, na kadi 13 zikipangwa pamoja zinatoa 9.88. Tafuta kadi zilizokwisha muda, kata sehemu yenye tarakimu zilizoinuka, gandisha kwa gundi kidogo sana, kisha ubane usiku kucha. Bunda hilo likilala juu ya reli mbili, ukingo wake wa juu ndio mstari wako.

Kama una picha nzuri ya behewa halisi iliyopigwa kwa ubavu, unaweza kupima kimo chake na kukifuata. Mimi nimebaki na 9.9 ili mabehewa ya wenzangu yashikane na yangu. Hapo nimepunguza uhalisia kwa kujua.

2. Ondoa kiungo cha zamani. Kata kwa msumeno mwembamba, sawazisha kwa tupa. Kama kilikuwa kwenye bogi (kile kigari cha magurudumu kinachozunguka chini ya behewa), usirudishe kipya hapo. Kifunge kwenye sakafu ya behewa. Kiungo kilicho kwenye bogi husukuma magurudumu nje ya reli ukirudi nyuma.

3. Funga kijumba, yaani kisanduku kidogo kinachoshika kiungo na springi yake. Natumia viungo vya kampuni ya Kadee. Namba 5 ni imara lakini kichwa chake ni kikubwa kuliko inavyopaswa; namba 58 kina kichwa kidogo, na kwa macho yangu hakuna mjadala. Toboa tundu katikati kabisa ya upana wa behewa, kaza kwa skrubu ya milimita 2. Usitumie supaglu, maana tone moja likiingia ndani, springi imekwisha.

4. Rekebisha kimo. Kiungo kikiwa chini ya mstari, weka washa nyembamba kati ya bogi na sakafu. Kikiwa juu, weka kipande cha kadi kati ya kijumba na sakafu. Usikubali "karibu sawa". Nilikubali hivyo mara moja, tofauti ya milimita moja tu, na kwenye mteremko wangu wa kutoka Mau kwenda Fort Ternan viungo vilipandana, vikaachana, mabehewa manne yakaanguka sakafuni.

5. Waya wa chini ya kiungo. Ule waya uliopinda unaoning'inia huvutwa na sumaku iliyofichwa kati ya mataruma ili kufungua kiungo. Lazima kadi moja ya benki ipite kati ya waya huo na reli bila kugusa. Ukigusa, upinde juu kidogo kwa koleo. Kwa macho, waya huo unashika nafasi ya mpira wa breki ya upepo. Kama hutumii sumaku, ukate, ubandike waya mwembamba mweusi kwenye boriti ya mbele, kando ya kiungo, kama mpira ulivyo kwenye behewa halisi.

6. Lainisha. Unga wa risasi ya penseli ya 2B unatosha. Mafuta hukusanya vumbi, na vumbi la Nakuru mnalijua.

7. Uzito. Anza na gramu 28, ongeza 14 kwa kila sentimita 2.5 za urefu. Behewa la sentimita 15 linafika kama gramu 112. Ficha nati ndani.

8. Jaribu kwa kurudi nyuma. Kuvuta hakuonyeshi kasoro. Sukuma mabehewa kumi, polepole, kwenye kona kali kuliko zote ulizonazo. Linalotoka lirudishe hatua ya 4 kwanza. Kama kimo ni sawa, sukuma kiungo kwa kidole upande huu na ule: kisiporudi katikati chenyewe, fungua kijumba utafute ukingo wa plastiki unaokikwamisha.