Jinsi ya kumpa mgonjwa kidonge cha kuyeyuka mdomoni

Wagonjwa wengi ninaowauguza wamepata kiharusi au wana ugonjwa wa Parkinson, na kidonge cha kawaida huwakwama kooni. Baadhi ya dawa, kama ondansetroni ya kuzuia kutapika na risperidoni ya magonjwa ya akili, hupatikana pia kama vidonge vya kuyeyuka mdomoni. Vinasaidia sana, mradi uvijue.

Hatua ya 1: Hakikisha anameza mate. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Nyingi ya dawa hizi hazifyonzwi mdomoni: huyeyuka, zikachanganyika na mate, kisha lazima zimezwe. Mgonjwa anayepaliwa na mate yake mwenyewe bado yumo hatarini. Huyo usimpe kabla hujaongea na daktari. Huenda dawa ikapatikana kwa njia nyingine.

Hatua ya 2: Mketishe wima. Mdomo ukiwa mkavu, ulowanishe kidogo kwanza.

Hatua ya 3: Nawa mikono, kisha ikaushe kabisa. Kidonge hiki kina vitundu vidogo vidogo vya kupitisha maji haraka, kwa hiyo hata unyevu wa ncha ya kidole hukifanya kinate na kuanza kumomonyoka.

Hatua ya 4: Bandua foili polepole kuanzia pembeni, ukitoe. Usikisukume kwa kidole gumba kama vidonge vingine, kitavunjika. Kitoe wakati wa kukitumia tu. Kisilazwe kwenye kiboksi cha dawa za wiki nzima.

Hatua ya 5: Kiweke juu ya ulimi. Vingi hulainika ndani ya sekunde 30 hivi. Asitafune, ameze mate, kisha ameze tena.

Hatua ya 6: Mwambie afungue mdomo, utazame. Aliyepooza upande mmoja hahisi vizuri shavu la upande huo, na uji wa dawa hujificha hapo kati ya shavu na ufizi. Msemeshe pia: sauti ikitoka kama ina maji ndani, au akikohoa, usiendelee na dawa nyingine, mpigie daktari au muuguzi wake.

Kama ana fenilketonuria, yaani ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunjavunja fenilalanini, soma viambato kwanza, maana vingi vina aspatamu, kiongeza utamu chenye fenilalanini.

Na dawa yake ikiwa haina aina ya kuyeyuka, tafadhali usikimbilie kuisaga. Kidonge kilichotengenezwa kutoa dawa kidogo kidogo kutwa nzima, ukikisaga humwaga dozi yote kwa mkupuo. Muulize mfamasia kama ipo ya maji.