Leso ya vipande sita: kazi ya sanaa ya kumpokea mwanafunzi mkimbizi

Leso ya pwani, yaani khanga, ilianza kwa kushonwa. Katika karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na wafanyabiashara, wakaunganisha vipande sita, vitatu kwa viwili, wakapata shuka moja. Neno “leso” limetoka kwa Wareno. Darasa lenye watoto waliotoka Congo, Somalia, Sudan Kusini au Burundi linaweza kufanya vivyo hivyo: makundi sita, vipande sita, leso moja yenye pindo (mapambo ya ukingoni), mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yanayoandikwa).

Mwongozo huu umepangwa kwa Gredi ya 4 hadi ya 6, wanafunzi 48, makundi ya watu 8, vipindi viwili vya dakika 35 vikiunganishwa, mara nne. Unafaa Nairobi kama unavyofaa kwenye makazi ya wakimbizi ya Kakuma au Kalobeyei. Usingoje tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Mtoto aliyefika Januari atakuwa amekaa pembeni miezi mitano.

Vifaa

Mita moja na robo ya pamba nyeupe isiyotiwa rangi (marekani), upana wa inchi 60. Rangi ya kitambaa au ya akriliki, rangi tatu, mililita 250 kila moja. Slipa kuukuu za raba za kuchonga mihuri, jozi nne. Sponji, sahani sita, maboksi ya katoni, gundi, penseli, rula, magazeti, sindano sita na uzi mzito wa pamba. Rangi ya ukutani ya maji pia inashika, ila kitambaa kitakakamaa, kwa hiyo itumie ikiwa leso itatundikwa tu.

Wengi huchonga mihuri kwa viazi. Acha. Darasani mna watoto ambao chakula chao nyumbani hupimwa, na kuwaonyesha kiazi kikichovywa kwenye rangi ni kuwakosea.

Hatua ya 1: Swali moja

Kabla ya kugawa penseli, uliza darasa zima: “Mgeni akifika nyumbani mnapoishi sasa, anapewa nini kwanza?” Maji, chai ya viungo, kahawa ya jebena (birika la udongo), kigoda, mkeka. Kila mtoto achore kitu chake kwenye karatasi, ukubwa wa kiganja.

Maneno “mnapoishi sasa” usiyaache. Ukisema “kule kwenu”, umemtenga mtoto mbele ya wenzake na kumrudisha alikokimbia. Usiombe michoro ya safari, ya mpakani wala ya vita. Mtoto akichora bunduki kwa hiari yake, usimnyang’anye karatasi na usiitundike. Mwache amalize, kaa naye baadaye faraghani, umhusishe mwalimu wa ushauri nasaha.

Kuna kosa jingine ambalo huja kwa nia njema: wenyeji huchora mkimbizi mnyonge akipewa unga. Swali la mgeni linalizuia, kwa sababu hapa kila mtoto ndiye mwenye nyumba, hata aliyefika juzi.

Katika kugawa makundi, weka pamoja watoto wawili wanaozungumza lugha moja ili mmoja amsaidie mwenzake, lakini usiwarundike wote kundi moja. Makundi yaitwe kwa namba, kamwe yasiitwe kwa nchi.

Hatua ya 2: Kukata na kutia alama

Fua kitambaa kwanza kwa maji moto na sabuni. Kikibaki na wanga wa kiwandani, rangi hukaa juu na kubanduka. Kikikauka kipige pasi, ukate vipande sita vya sentimita 48 kwa 48. Mabaki ni ya majaribio.

Vipange vyote sakafuni, uso juu: 1, 2, 3 safu ya juu, 4, 5, 6 safu ya chini. Andika namba na mshale wa kuelekea juu kwenye ukingo, upande wa mbele. Ukiandika nyuma, ukigeuza kipande kushoto huwa kulia na mpangilio huvurugika. Piga mstari wa penseli sentimita 1.5 kutoka kila ukingo, hiyo ni nafasi ya mshono. Kisha, kwenye pande za nje tu, piga mstari wa pili sentimita 9 kutoka ukingoni. Kati ya mistari hiyo miwili ndipo pindo litakapokaa.

Pande za nje tu. Vipande vya pembeni (1, 3, 4, 6) vina pande mbili za nje, vya katikati (2 na 5) vina mmoja. Kundi likizungusha pindo pande zote nne, utaishia na vitambaa sita vya mkononi badala ya leso moja, na rangi ya kitambaa haifutiki.

Hatua ya 3: Mihuri na pindo

Darasa lipige kura kuchagua umbo moja la pindo kutoka kwenye ile michoro. Mwalimu ndiye akate raba kwa wembe: mihuri sita, sentimita 6 kwa 6, ibandikwe kwenye kipande cha katoni nene chenye mshikio.

Kila upande wa sentimita 45 unapokea mapigo 6: muhuri sentimita 6, nafasi 1.5 kati ya mmoja na mwingine, na nusu ya nafasi hiyo mwanzoni na mwishoni. Hivyo pindo linapita juu ya mshono bila kukatika. Kipande cha pembeni kina mapigo 11, kwa kuwa la kona linahesabiwa mara moja, cha katikati 6. Jumla ni 56.

Weka magazeti chini. Vijiko viwili vya rangi kwenye sponji, gusa muhuri, jaribu mara mbili kwenye mabaki, kisha bonyeza, hesabu hadi tano, inua wima. Muhuri ukiburutwa, mstari hutapakaa. Rangi ikivuja pembeni, sponji imelowa mno.

Makundi ya 2 na 5 yana mapigo 6 na watoto 8, kwa hiyo wawili waanze mji.

Hatua ya 4: Mji

Vitu vilivyobaki kwenye michoro vichongwe kwenye raba na kupigwa katikati. Viwe vitu, si watu wala wanyama. Baadhi ya familia za Kiislamu hazipendi picha za viumbe, na hakuna sababu ya kumweka mtoto kati ya mwalimu na wazazi wake. Kila kundi liache mraba mtupu wa sentimita 10 kwa 10 kwa ajili ya mwanafunzi atakayefika baadaye (Hatua ya 7).

Hatua ya 5: Jina

Jina hukaa katika mji, juu kidogo ya pindo la chini, kwenye vipande vya 4, 5 na 6. Maneno yagawanywe ili mshono usipite juu ya herufi. Kuna watakaopendekeza “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe”. Likatae na ueleze sababu: linamwambia mwenzao kwamba karibu yake ina mwisho. “Mgeni njoo, mwenyeji apone” ni jema kwa wiki za mwanzo, ila linaendelea kumwita mtu mgeni. Bora zaidi ni HAPA / KWETU / SOTE, neno moja kila kipande.

Tumia stensili ya katoni, herufi kimo cha sentimita 5. Herufi A, P na O ziachiwe vidaraja vyembamba, la sivyo tumbo la ndani hudondoka.

Hatua ya 6: Pasi na mishono

Acha ikauke usiku mzima. Piga pasi upande wa nyuma dakika tatu kila kipande. Kwa pasi ya makaa, tandika kitambaa juu ili majivu yasiguse.

Mshono hupita kati ya makundi mawili, kwa hiyo kila jozi iwe na mtoto mmoja kutoka kila upande. Kabla ya kushona, linganisheni mistari ya pindo na mbane kwa pini. Mishono minne ya wima ianze, jozi nne kwa wakati mmoja, zikibadilishana kila dakika tano. Kisha mshono mrefu wa katikati. Uzi usizidi sentimita 50, vinginevyo hujifunga. Hesabu sindano na pini kabla na baada. Fundi cherehani akunje ukingo wa nje, lakini mishono ya ndani asiiguse hata ikiwa imepinda.

Ukipiga picha, piga leso, usipige nyuso. Familia nyingine zina watu wanaozitafuta.

Hatua ya 7: Miraba mitupu

Wakimbizi hufika katikati ya muhula, bila taarifa. Weka raba, sponji na chupa ndogo ya kila rangi, iliyofungwa vizuri, kwenye kabati la darasa. Mwanafunzi mpya akifika, katika wiki yake ya kwanza muulize swali lile lile, chonga anachochora, naye akipige mwenyewe kwenye mraba mtupu wa kundi lake. Rangi iliyoganda kidogo huamka kwa matone ya maji. Iliyokauka kabisa itupe.