Belti ya injini inalia kwiii? Jua kwanza nini kinailiza ndo ununue mpya

Watu wengi gari ikianza kulia kwiii asubuhi wanakimbilia kununua belti mpya, inafungwa, inanyamaza kidogo, halafu baada ya muda kelele ile ile inarudi. Ni kwa sababu hiyo kelele ni mpira unateleza juu ya puli (yale magurudumu madogo ambayo belti inapitia), na mpira hautelezi hivi hivi tu, kuna kitu kimeulegeza, au kimeulowesha, au kuna puli imekuwa nzito kuzunguka. Hicho ndo cha kutafuta. Na tuelewane, hapa naongelea belti ya nje, ile unayoiona ukifungua boneti inayozungusha alteneta, AC, pawa stelingi na kwenye gari nyingi pampu ya maji pia. Taimingi belti, ile ya ndani ya injini, ni habari nyingine kabisa, hiyo usiiguse kwa kusoma maelezo haya.

Anza na masikio. Inalia lini? Ikilia ukishawasha tu halafu ikanyamaza, hapo alteneta inafanya kazi kubwa ya kurudisha chaji iliyotumika kuwashia, na belti iliyolegea au iliyokwisha inashindwa kuibeba. Ikilia ukikata usukani mpaka mwisho, angalia upande wa pawa stelingi. Ukiwasha AC ndo inaanza, kompresa inaielemea. Halafu sikiliza na aina ya sauti yenyewe, maana kwiiiii ndefu inayopanda ukipiga resi ni belti inateleza, ila chwi chwi chwi fupi fupi kama ndege, inayosikika vizuri injini ikiwa imetulia, mara nyingi ni puli hazijakaa mstari mmoja. Ukisikia mkwaruzo au mngurumo hiyo siyo belti, hiyo ni beringi.

Kuna kipimo cha maji ambacho mimi nakipenda sana kwa sababu hakina gharama. Gari ikiwa inaunguruma, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya spreya kwenye upande wa belti wenye mifereji. Kelele ikikata kisha ikarudi baada ya sekunde chache, shuku puli zimepishana. Ikizidi kuwa kubwa, belti inateleza, haijakazwa vya kutosha. Simama mbali na feni, zile za umeme zinajiwasha zenyewe bila taarifa, na usiwe na mikono mirefu ya shati inayoning'inia wala nywele hazijafungwa.

Baada ya hapo zima, toa ufunguo, chukua tochi. Zamani tulikuwa tunatafuta nyufa tu, lakini belti nyingi za siku hizi ni za mpira wa EPDM ambao haupasuki kirahisi, unalika taratibu kama tairi, kwa hiyo belti inaweza kuonekana nzima haina ufa hata mmoja na bado imekwisha kwa sababu mifereji imebadilika na sasa inateleza. Geuza kipande uone: ikiwa inang'aa kama imepigwa polishi, au ina oili au maji ya radieta, haifai. Iliyolowa oili haioshwi ikapona, na ukiweka mpya bila kuziba panapovuja umetupa hela. Na zile spreya za kupaka belti isilie achana nazo, zinanyamazisha kelele kwa muda huku zikikusanya vumbi, na tatizo liko pale pale.

Tenshena nayo, ule mkono wenye springi unaoikaza belti, iangalie injini ikiwa inaunguruma. Mkono wake unatakiwa utulie, utikisike kidogo tu, ukiona unarukaruka springi imechoka. Gari yenye belti ya V, ile nyembamba ya zamani isiyo na mifereji mingi, kwa kawaida haina tenshena ya springi, hapo bonyeza kwa dole gumba katikati ya sehemu ndefu, ikizama kama milimita 10 hivi kwa kawaida iko sawa, ila kitabu cha gari yako ndo chenye neno la mwisho.

Kubadilisha sasa. Kabla hujagusa kitu piga picha jinsi belti ilivyopita, utanishukuru. Zungusha tenshena kwa spana ilegee, chomoa belti, na hapo ndo wakati wa kuzungusha kila puli kwa mkono moja moja: yenye mchanga mchanga, inayocheza huku na huku au iliyo nzito, umeshampata mwizi wako. Safisha mifereji ya puli kwa brashi. Belti mpya inunue kwa namba iliyoandikwa mgongoni, mfano 6PK1750 maana yake matuta 6 na urefu wa milimita 1750, usikubali ya kukadiria. Ukiivisha pitisha kidole kila puli uhakikishe hakuna tuta lililokaa nje ya mfereji, likibaki nje belti inachanika mapema sana. Kwa zile za kukaza kwa bolti ya alteneta usikaze kupita kiasi, unaua beringi za alteneta na pampu. Na kama gari yako haina tenshena kabisa na belti ni ile ya kuvutika, inahitaji kifaa chake, usiilazimishe kwa bisibisi.

Washa, iache dakika chache, zima, kagua tena. Ikibaki ile chwi chwi na belti mpya, weka rula ndefu iliyonyooka kwenye uso wa puli mbili mbili uone ipi imetoka nje, na uanze na ile iliyofunguliwa karibuni, maana alteneta au pampu ikirudishwa bila washa yake moja tu (kile kipete cha chuma cha kwenye bolti) inatosha kuleta kelele yote hiyo. Ila taa ya betri ikiwaka ghafla na joto likipanda ukiwa barabarani, simama, zima injini, huenda belti imeshakatika.