Kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 kwa NVDA: namna ya kuvuka saa za kimya

Jumamosi mbili zilizopita alinijia mwalimu mmoja kutoka Chamwino, mama mtu mzima asiyeona kama mimi. Kompyuta mpakato yake aliifunga kwenye kitenge isipigwe na vumbi la njiani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Wananiambia Windows yangu imeshakufa."

Haijafa. Windows 10 bado inawaka na bado inafanya kazi. Kilichotokea ni kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya usalama, na mtu anayeandaa mitihani na kuhifadhi alama za wanafunzi hafai kubaki huko muda mrefu. Tukakaa sebuleni kwangu Ipagala tangu saa nne asubuhi hadi jioni, na mashine ikahama salama. Naandika tulivyofanya, kwa sababu mara ya kwanza nilipojaribu kwenye mashine yangu nilipoteza usiku mzima na bando la wiki nzima.

Mwongozo huu ni wa mtumiaji wa NVDA, kisoma skrini, yaani programu inayotusomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini. JAWS nayo ni ya aina hiyo na ni nzuri, ila ni ya kulipia. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, na hadi leo inatolewa bure. Kwangu mimi huo ndio mwisho wa mjadala.

Hatua ya 1: Je, mashine inakubali?

Pakua programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check. NVDA inaisoma vizuri, na itakujibu ndiyo au hapana. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0. Kwa prosesa za Intel Core, kwa ujumla ni kizazi cha nane kuendelea.

Ukijibiwa kwamba TPM haipo, usikate tamaa haraka. Mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Huko BIOS NVDA haifiki, kwa hiyo hapa tafuta mtu anayeona, na usione haya kuomba. Kuingia tu ndiko kunakosumbua, maana kila kampuni ina kitufe chake na unatakiwa kukibonyeza kwa wakati usioweza kuusikia. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi, andika `shutdown /r /fw /t 0`, bonyeza Enter, na mashine itajipeleka yenyewe mpaka BIOS. Mwambie msaidizi wako atafute neno PTT kama prosesa ni Intel, au fTPM kama ni AMD, aiwashe, ahifadhi, atoke. Asiguse kingine.

Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, kabla ya kugusa BIOS isimamishe kwa muda, na uwe na ufunguo wake wa dharura mkononi. Una tarakimu 48 na kwa kawaida unapatikana kwenye akaunti yako ya Microsoft. Mimi wangu nimeuandika kwa nukta nundu kwenye karatasi ngumu. Ukiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo, siku utakapouhitaji hutaufikia.

Mashine ikikataa kabisa, usimlipe fundi akupitishie kwa mlango wa nyuma. Siku masasisho yakigoma, utakayebaki na mashine isiyozungumza ni wewe. Afadhali ujiunge na mpango wa Microsoft wa masasisho ya nyongeza ya Windows 10, ambao kwa watumiaji wa kawaida unaishia tarehe 13 Oktoba 2026, huku ukidunduliza pesa ya mashine nyingine.

Hatua ya 2: Bekapu

Nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje, kisha ichomoe.

Hatua ya 3: Faili la ISO

Zipo njia tatu: kusubiri Windows Update ikuletee, kutumia Installation Assistant, programu ya Microsoft ya kuhamisha toleo, au kupakua faili la ISO, yaani faili moja lenye Windows 11 nzima ya kusakinisha. Mimi ni mtu wa ISO. Faili ni zito, zaidi ya GB 5, lakini ukishalipakua ni lako. Ukikwama katikati hurudii kununua bando, na unaweza kulibeba kwenye flashi ukamsaidia mwenzako wa Kongwa au Mpwapwa bila yeye kutumia hata MB moja. Pakua kwenye tovuti ya Microsoft tu. Kiungo wanachokupa kinadumu saa 24, kwa hiyo usikiombe mchana kama kifurushi chako ni cha usiku wa kesho.

Angalizo moja la lugha. Ukurasa wa kupakua utakuuliza, na kuna Kiingereza cha Marekani na kingine wanachokiita English International. Ukichagua kisichofanana na kilichomo kwenye mashine, utanyimwa nafasi ya kubaki na programu zako, NVDA ikiwemo. Hakiki kwanza: kwenye Command Prompt ya msimamizi andika `dism /online /get-intl` na usikilize lugha ya mfumo. Ukisikia en-US, pakua cha Marekani. Ukisikia en-GB, pakua hicho cha International. Mashine ya mwalimu ilikuwa en-GB, na mimi kwa mazoea ningechukua cha Marekani.

Hatua ya 4: Andaa sauti

Hakikisha NVDA imesakinishwa kikamilifu. Ile ya kubebeka kwenye flashi haiwezi kusoma skrini za usalama, yaani pale Windows inapokuuliza kama unaruhusu programu ibadilishe mfumo, na pale pa kuingiza PIN.

Fungua menyu kwa NVDA na N (kitufe cha NVDA kwa kawaida ni Insert), nenda kwenye mipangilio, sehemu ya General. Weka tiki kwenye kisanduku cha kutumia NVDA wakati wa kuingia, kisha bonyeza kitufe kinachonakili mipangilio yako ya sasa iende kwenye skrini za usalama. Mwalimu anatumia sauti ya Kiswahili ya eSpeak. Bila kitufe hicho angepokewa mlangoni na sauti nyingine kabisa na asijue kama ni mashine yake.

Pia bonyeza NVDA na U mpaka usikie kwamba maendeleo yatatolewa kwa mlio. Mlio unapanda taratibu kadiri asilimia zinavyopanda, na utakufaa muda si mrefu.

Nunua hedifoni ya USB, hata ya bei rahisi. Ichomeke sasa, uisikie inafanya kazi, na uiache hapohapo. Baada ya kuhama toleo inatokea sauti ya ndani ya mashine ikagoma kwa sababu ya draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, na kwa mtu anayeona hilo ni kero ndogo ya kushughulikia kesho. Kwetu sisi ni sawa na skrini kuzimika. Hedifoni ya USB hutumia draiva ya kawaida iliyomo ndani ya Windows yenyewe, kwa hiyo kwa kawaida inabaki hai.

Jambo la mwisho hapa: je, unakumbuka nywila ya akaunti yako, au miaka yote umeingia kwa PIN tu? Ijaribu leo.

Hatua ya 5: Anza

Bonyeza Enter juu ya faili la ISO, litafunguka kama diski. Tafuta setup, Enter, kisha Alt na Y kukubali. Masasisho ya kupakuliwa wakati huohuo yakatae, chagua "Not right now". Kubali masharti. Ukifika skrini ya mwisho, sikiliza kwa makini kama inasema inabakiza faili na programu zako. Isiposema hivyo, toka, rudi Hatua ya 3. Ikisema, bonyeza Install.

Hatua ya 6: Kimya

Mwanzoni NVDA bado iko nawe na milio inapanda. Halafu mashine inajizima ili ijiwashe upya, na kuanzia hapo hakuna sauti. NVDA haipo, Narrator, kisoma skrini cha Windows yenyewe, haipo, hakuna mlio wowote. Mfumo uliozoea unafumuliwa na mwingine unajengwa, na kisoma skrini hakina pa kusimama.

Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Nilikaa kama dakika 40 bila kusikia kitu, nikaamini mashine imekwama, nikashikilia kitufe cha kuzimia. Haikuwa imekwama. Ilitumia saa nyingine mbili kufuta ilichofanya na kunirudisha Windows 10, na niliyajua hayo yote asubuhi, jirani aliponisomea ujumbe. Kwa hiyo nakusihi: usiguse kitufe cha kuzimia kwa sababu ya kimya peke yake. Mashine yangu yenye SSD ilikaa kimya karibu saa nzima. Ya mwalimu, yenye diski ya zamani ya kuzunguka, ilichukua saa tatu kasoro. Itajizima na kujiwasha zaidi ya mara moja. Hilo ni la kawaida.

Badala ya masikio, tumia mkono. Weka kiganja kwenye tundu la hewa. Hewa ya moto ikitoka, kazi inaendelea. Diski ya kuzunguka utaisikia ikikwaruza ukiweka vidole karibu na kibodi. Feni ikitulia kidogo si dalili mbaya, maana kuna vipande vyepesi na vipande vizito.

Kisha tumia simu. Lookout ya Google na Seeing AI ya Microsoft zote zinasoma maandishi kupitia kamera, na zote zipo kwa Android. Shika simu ikiwa imelala, nusu mkono kutoka kwenye skrini, usawa wa katikati. Kama inababaika, zima taa ya chumba au funga pazia. Jua la Dodoma likipiga kwenye kioo, kamera haioni kitu. Itakusomea asilimia. Andika namba na saa, kisha rudi baada ya dakika 20. Namba kukaa palepale nusu saa nimeshaiona na haikuwa tatizo. Ikikaa saa mbili bila kubadilika, kiganja kikikuta mashine imepoa na diski imenyamaza, hapo mwite mtu anayeona kabla ya kuamua lolote.

Kuhusu umeme: betri ndiyo inayokulinda. Siku moja kabla, jaza chaji, chomoa waya, fanya kazi saa nzima, kisha bonyeza NVDA na Shift na B usikie kilichobaki. Kama imeshuka chini ya nusu, usianze bila UPS au betri mpya. Siku yenyewe acha waya umechomekwa muda wote. Usifunge mfuniko, mashine inaweza kulala. Iweke juu ya meza ngumu, kamwe si kitandani wala juu ya kitambaa, na kama hujawahi kupuliza vumbi kwenye tundu zake, mpe fundi akupulizie kwanza. Miezi ya upepo vumbi letu linaziba feni kabisa, na kazi hii inachemsha mashine kuliko kazi zako za kila siku.

Utajuaje imemaliza? Ikifika skrini ya kuingia, NVDA itazungumza yenyewe kama ulifuata Hatua ya 4. Isipozungumza, bonyeza Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja kuwasha Narrator. Bonyeza mara moja, halafu subiri nusu dakika. Vitufe hivyohivyo ndivyo vinavyoizima, na mtu mwenye haraka anaiwasha na kuizima bila kujua. Ukibonyeza mapema, mfumo ukiwa bado unajengwa, hakuna kinachoharibika.

Mwalimu alikuwa anakunywa chai ya pili iliposema "weka PIN" kwa ile sauti yake ya Kiswahili. Aliweka kikombe chini akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa inanisikia."

Hatua ya 7: Ukishaingia

Bonyeza Windows na R, andika `winver`, Enter, usikie toleo. Jaribu sauti ya ndani ukiwa umechomoa hedifoni. Windows na A sasa inafungua mipangilio ya haraka, na arifa zimehamia Windows na N. Menyu ya faili imefupishwa, ile ndefu uliyoizoea unaipata kwa Shift na F10.

Kama kitu muhimu kimegoma, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, Recovery. Ndani ya siku hizo usisafishe diski wala kufuta folda ya Windows.old, ndimo mfumo wako wa zamani ulimo.